Binti yangu anatolewa kizungu, bibi yake kauliza maswali matatu (uzi wa madebutanti)

#1 (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Mnivumilie uzi ni mrefu, ila hii kitu imenikaa kifuani toka mwezi wa tatu, nikiwaambia watu wa hapa ninapoishi wananiangalia tu, nikiwaambia wa nyumbani wanasema wazungu washakuharibia mtoto. Nimeona nije kwenu.

Mimi mzaliwa wa Kisarawe, naishi Australia jimbo la Victoria, siyo Melbourne, ni mji wa mkoani huko kwenye mashamba ya matunda. Binti yangu ana miaka 16. Mwezi wa tatu akaja na karatasi ya shule, mama wenzangu wanafanya deb na mimi nataka. Deb ndo nini? Akanionyesha picha kwenye simu, wasichana kama ishirini wamejipanga, wote gauni jeupe mpaka chini, glavu nyeupe zinapita kiwiko, kila mmoja kashikwa mkono na kijana mwenye suti nyeusi. Mimi nikajua ni ndoa za pamoja, moyo ukanipasuka.

Kumbe siyo ndoa. Deb ni kifupi cha debutanti, neno la Kifaransa, maana yake binti anayeanza, anayeingia ukumbini mara ya kwanza. Wanajifunza kudansi wiki nane mpaka kumi, siku ikifika wanaitwa majina mmoja mmoja, wanaenda mbele ya mgeni rasmi wanapiga goti, kisha wanacheza wolzi, ile dansi ya jozi ya kuzunguka, wazazi wanaangalia. Miji ya mikoani huku Victoria hii kitu iko hai kabisa, inaandaliwa na mashule, timu za mpira, parokia, vyama vya maveterani.

Nikamtumia mama yangu ile picha WhatsApp. Akanyamaza siku nzima. Usiku akatuma sauti, naiandika kama alivyosema: "Kwa hiyo mwali anatolewa. Sawa. Aliwekwa ndani lini? Kungwi wake nani? Na anatolewa kwa nani?"

Hayo maswali matatu ndo yamenifanya nikae maktaba ya hapa mjini na mtandaoni miezi minne. Nimegundua mama yangu ambaye hajawahi kuvuka bahari kauliza maswali yenyewe hasa ya hii desturi.

Tuanze London maana ndo kwenye shina. Zamani binti wa familia kubwa Uingereza kabla ya miaka 17 au 18 alikuwa anahesabika bado yuko ndani. Nywele zimeachiwa mgongoni, gauni haligusi chini, karamu za watu wazima haendi, mwanaume asiye ndugu yake hakai kuongea nae. Halafu msimu mmoja anatolewa. Na wenyewe wanasema hivyo hivyo wakuu, "ametoka", sijatafsiri kwa kuvutia kwangu. Nywele zinabanwa juu, gauni linashuka, anapelekwa ikulu kupiga goti kwa mfalme au malkia, na kuanzia hapo anaalikwa kila dansi toka baada ya Pasaka mpaka Agosti, mashindano ya farasi Ascot, mashua Henley, maonyesho ya picha, kila mahali mama yuko nyuma yake anahesabu vijana wenye mashamba na vyeo. Msimu mmoja, miwili, ukifika wa tatu bila mchumba watu wanaanza kunong'ona.

Sasa swali la kungwi. Binti hawezi kujipeleka ikulu mwenyewe. Lazima apelekwe na mwanamke ambae nae alishatambulishwa pale pale zamani. Mama yake kama alitoka basi mama, kama hakutoka atafutwe shangazi, bibi, rafiki wa familia. Mwenye talaka mlango ulikuwa unafungwa. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Si ndo kwetu? Asiyechezwa hachezi mwali. Na kule kwao baadae wakatokea kina mama wa ukoo mkubwa walioishiwa, wakawa wanalipwa na matajiri wapya ili wawapelekee mabinti zao.

Mavazi yalikuwa ya amri siyo ya hiari. Gauni jeupe lenye mkia unaoburuzika, shela, glavu, na kichwani manyoya matatu meupe ya mbuni kama nembo ya mrithi wa kiti cha ufalme. Manyoya mengi ya mbuni ya wakati wa fasheni hiyo yalitoka kwetu Afrika, mashamba ya Oudtshoorn Afrika Kusini, watu kule walijenga majumba ya kifahari kwa manyoya tu mpaka biashara ikaanguka 1914. Kupiga goti kwenyewe kulikuwa na shule yake, London kulikuwa na mwalimu mashuhuri wa dansi Madame Vacani, mabinti wa ikulu vizazi na vizazi walipita kwake kujifunza kushuka mpaka goti linakaribia sakafu, mgongo umenyooka, kisha uinuke bila kuyumba. Na enzi za Malkia Victoria hukuruhusiwa kumpa mgongo, unarudi kinyumenyume na mkia wa gauni mkononi.

Ikaisha 1958. Novemba 1957 ikulu ilitangaza kwamba mwaka unaofuata ndo wa mwisho, watu wakakimbilia, na Machi 1958 kwa siku tatu wasichana kama 1,400 wakapita mbele ya Malkia Elizabeth. Goti moja kwake, hatua chache pembeni, goti jingine kwa mumewe Philip, umemaliza unatoka unaenda kunywa chai. Miaka ya vita ilishakata ule uzi, pesa mpya zilikuwa zinanunua nafasi, na nchi yenyewe ilishabadilika.

Nitaendelea, naenda kazini zamu ya usiku.

#2

Dada pole na zamu. Uzi mzuri huu. Swali, kama ikulu waliacha 1958 nyie huko mkoani Australia mnaendelea kwa ajili ya nini? Mwenyewe kaacha mpambe bado anacheza?

#3

Tatizo letu waafrika mzungu akifanya ni utamaduni, bibi yetu akifanya ni ushamba. Mwali wa Kizaramo akibebwa mabegani na khanga mpya watu wanaleta kamera za kumcheka, huyo wa London kavaa manyoya ya ndege kichwani anaitwa mstaarabu. Mimi nimemaliza.

#4

Mkuu #3 usiweke vitu sawa kirahisi. Mimi dada yangu mkubwa aliwekwa ndani darasa la sita akatoka hajui hata kitabu kilipo, akaolewa. Hata hao wazungu kama walikuwa wanatoa mabinti kwa ajili ya kuolewa tu basi wote walikuwa wanakosea pamoja. Mleta uzi twambie ukweli wa hilo, hao mabinti wenyewe walitaka?

#5 (mleta uzi)

Nimerudi. Nianze na wewe #4 maana swali lako linauma na liko sahihi. Mimi mwenyewe sikuchezwa ngoma. Baba alikataa kwa sababu hiyo hiyo, akasema huyu anaenda bweni, shule kwanza, mama akalia lakini akakubali. Leo nina kazi kwa sababu ya uamuzi wa baba, na siku mama alipouliza kungwi wake nani nilikosa jibu kwa sababu ya uamuzi huo huo. Vyote viwili ni kweli.

Walitaka? Wengine walitaka sana, kwa binti ambae hakupelekwa shule ya maana yule msimu ndo ulikuwa dunia yake yote. Wengine hapana. Msome habari za Consuelo Vanderbilt wa New York. Baba tajiri wa reli, mama Alva anataka mkwe mwenye cheo. Binti alikuwa na mtu wake ampendae, mama akamfungia ndani, akamwambia ataugua afe kwa ajili yake. Novemba 1895 akaolewa na Duke wa Marlborough, ana miaka 18, alisimulia mwenyewe baadae kwamba alilia asubuhi ile. Yule Duke alipewa hisa za reli za dola milioni 2.5, jumba lake la Blenheim likakarabatiwa. Wakaachana, na 1926 ndoa ikabatilishwa na kanisa, na aliyesimama kutoa ushahidi kwamba binti alilazimishwa ni mama mwenyewe, Alva. Miaka thelathini imepita mama anakwenda kusema ni mimi nilimlazimisha. Mimi ni mama, nilisoma ukurasa ule mara tatu.

Na mwingine ambae simtoi kichwani ni Rosemary Kennedy. Mei 1938, baba yake Joseph Kennedy alikuwa balozi wa Marekani London. Balozi alikuwa ameshatangaza kwamba hapeleki tena mabinti wa Kimarekani ikulu kwa makundi, isipokuwa wanaoishi Uingereza, na mabinti zake mwenyewe wakawa wanaishi Uingereza. Basi Rosemary miaka 19 na mdogo wake Kathleen miaka 18 wakatambulishwa usiku mmoja. Rosemary alizaliwa na uzito wa kujifunza, kusoma na kuandika kulimshinda, na familia ilikuwa inaficha. Lile goti alifanyishwa mazoezi wiki kwa wiki. Akapiga goti vizuri, wakati anaondoka akajikwaa karibu aanguke mbele ya mfalme. Mfalme na malkia wakaendelea kutabasamu kama hawajaona kitu. Gauni lake jeupe, picha zipo, anapendeza kuliko wote. Miaka mitatu baadae, 1941, baba yake akaruhusu madaktari wampasue ubongo ili atulie, akatoka hawezi kuongea wala kutembea sawasawa, akakaa kwenye makao ya watu wa namna hiyo mpaka alipofariki 2005.

Mimi kila nikimuona binti yangu anafanya mazoezi ya goti sebuleni namkumbuka huyu. Sijui kwanini. Labda kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia goti.

#6

Daah dada umenitoa machozi hapa kwenye daladala.

#7

Mimi nipo Vienna mwaka wa nane, niongezee kidogo. Huku dansi kubwa ni lile la nyumba ya opera, Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Wanang'oa viti vyote vya chini wanaweka sakafu usawa wa jukwaa, wageni kama elfu tano. Madebutanti wanafungua, jozi kama 150, wasichana nyeupe na kataji kadogo kichwani kenye vito vya Swarovski, wavulana koti lenye mikia. Na hapo siyo ukoo, unaomba, unajaribiwa wolzi ya kuzunguka kushoto, ambayo nawaambia ni ngumu, wengi wanajua kulia tu. Wakimaliza anatangaza mtu "Alles Walzer", yaani wote wolzi, ndo wote mnaruhusiwa kuingia. Na Vienna siyo hilo moja, msimu mzima wa baridi kuna madansi kwa mamia, wafamasia wana lao, wapika keki wana lao, wawindaji wana lao. Mimi nilikwenda la wanaouza kahawa, nilikodi suti, nilijisikia mtu.

Nilichotaka kusema, huku hakuna anayetafuta mchumba pale. Ni mji unapenda wolzi basi.

#8

Na ile ya Paris wanayovaa magauni ya mafundi wakubwa? Niliona mtoto wa muigizaji.

#9 (mleta uzi)

#8 hiyo ilianzishwa miaka ya 1990 na mama mmoja Ophélie Renouard, mabinti kama ishirini tu kwa mwaka kutoka nchi mbalimbali, unaalikwa hununui, mtoto wa Gwyneth Paltrow alikuwepo 2024. Ni ya fasheni na michango ya hisani, mpiga picha ndo mfalme wa pale. Haina mengi kwangu.

#7 ahsante sana kaka, hiyo ya kuomba na kujaribiwa nimeipenda. Na inanipeleka kwenye jibu la #2, kwanini watu wanaendelea wakati mwenyewe kaacha. Nadhani nimelipata ila siyo London.

Nendeni New Orleans miaka ya 1890. Huo ndo mji ambao Homer Plessy alikamatwa 1892 kwa kukaa behewa la wazungu, na 1896 mahakama kuu ya Marekani ikasema ubaguzi ni halali. Miaka hiyo hiyo, mji huo huo, weusi wakaanzisha klabu yao, Original Illinois Club, ilianza kama darasa la kudansi na adabu, wakawa kila mwaka wakati wa Mardi Gras, kanivali ya kabla ya Kwaresima, wanawatoa mabinti zao. Gauni jeupe, baba kamshika mkono, jina kamili linatangazwa ukumbini, na wana dansi yao wenyewe inaitwa Chicago Glide. Klabu ipo mpaka leo. Sasa fikirieni baba mweusi wa wakati ule, mchana kutwa mtu yeyote mweupe anamuita binti yake kwa jina la kwanza tu kama mtoto au asimuite kabisa, usiku mmoja anasimama ukumbi umejaa watu wanaomjua, mtangazaji anasema Miss fulani binti wa Bwana na Bibi fulani. Hapo hatafutiwi Duke. Anasemwa jina lake, lote.

Na upande wa pili wa mlango ulikuwa unalindwa kweli kweli. St. Louis kulikuwa na dansi la Veiled Prophet toka 1878, matajiri weupe watupu, mmoja wao anafunikwa uso anaitwa nabii, mabinti wanapiga goti kwake, hakuna anayejua ni nani. 1972 kundi la wanaharakati la Percy Green likaingiza wanawake ndani, mmoja Gena Scott akashuka kwa kamba ya umeme kutoka juu ukumbini, akaumia, akamfikia yule nabii akamvua kitambaa. Alikuwa kigogo wa kampuni kubwa ya kemikali ya mji ule. Mabinti walikuwa wanapiga goti kwa bosi wa kampuni! Wanachama weusi wa kwanza walikubaliwa 1979.

Na huku kwetu Australia, 1968, ukumbi wa Sydney Town Hall. Mwaka mmoja kabla, Mei 1967, nchi ilipiga kura ya maoni zaidi ya asilimia 90 wakakubali wenyeji wa asili wahesabiwe kwenye sensa kama watu wengine. Mwaka uliofuata mabinti wa wenyeji wa asili wakatolewa kwa dansi lao wenyewe, gauni jeupe, glavu, na mgeni rasmi alikuwa waziri mkuu John Gorton, akashuka akacheza na mmoja wao. Ipo picha. Nimeiangalia ile picha muda mrefu, yule binti anaangalia mbele, hatabasamu sana. Wazee wao wengine mpaka miaka michache kabla walikuwa hawaingii bwawa la kuogelea la mji.

Kwa hiyo #2, mwenyewe kaacha kwa sababu yeye hakuwa na shida, kila mtu anamjua jina. Waliobaki nayo ni waliokuwa hawatajwi.

#10

Hapo kwenye jina umenikumbusha watu wa Amerika ya Kilatini, wale Wamexico wanafanya miaka 15, kinsenyera, baba anamvua binti viatu vya chini anamvalisha vya kisigino mbele ya watu. Na Wafilipino miaka 18, wanaume kumi na nane kila mmoja anakuja na ua moja la waridi anacheza nae kidogo, wa mwisho mara nyingi ni baba au mchumba. Nimefanya kazi na Wafilipino Doha, mmoja alituma mishahara ya miezi kadhaa nyumbani kwa ajili ya hiyo siku ya binti yake na yeye hakuweza kwenda, akaangalia kwenye simu choo cha kambi ili asionekane analia.

#11

Wapendwa tumesahau jambo. Dada wewe kama nimeelewa ni muislamu, binti anashikwa mkono na kijana wa watu anazungushwa ukumbini. Mzee nyumbani kasemaje?

#12 (mleta uzi)

Ndugu #11 ulichouliza ndo kilileta kelele nyumbani kwangu wiki mbili nzima, nashukuru umeuliza kwa adabu.

Mume wangu alikataa. Siyo kwa ukali, alisema tu hapana kisha akaenda kuoga. Binti akalia, mimi nikawa katikati. Baadae nikagundua shule inaruhusu patna kutoka nje, nikampigia mdogo wangu yuko Melbourne, mwanae wa kiume ana miaka 17, ni kaka yake huyu kwa mama mkubwa na mama mdogo, wamelelewa kama mapacha. Kijana alikubali kuja kila Jumapili kwa treni kufanya mazoezi, wiki tisa, sijui nitamlipa nini. Baba akasema kama ni kaka yake basi sawa, na gauni liwe na mikono. Mikono tukashonesha.

Mazoezini sikuwa na raha siku zote nisiwafiche. Kwenye duka la magauni tulipoenda mara ya kwanza muuzaji alituuliza kama tunajua deb ni nini kabla hajatusalimia. Na mama mmoja msaidizi wa mazoezi akamwambia binti yangu itabidi afumue rasta zake kwa sababu nywele zote zinatakiwa kubanwa kifundo nyuma. Binti akaja nyumbani hasemi. Nikaenda mwenyewe, sikwenda kugombana, nilikwenda na picha, nikamkalisha binti kwenye kiti mbele yao nikazibana zile rasta kifundo kimoja, dakika tano, pini nne. Mwalimu mkuu wa mazoezi akaangalia akasema vizuri sana, yule mama akaomba radhi. Yameisha. Ila usiku nilijiuliza wale ambao mama zao wako zamu, nani angewabania.

Goti lenyewe halikumsumbua hata kidogo. Wenzake walikuwa wanaanguka ubavu, yeye siku ya kwanza kashuka kanyooka kainuka, mwalimu akauliza ulijifunza wapi, akajibu nikimsalimia bibi. Kweli, jirani yetu wa zamani hapa ni Msukuma, watoto wetu wote walilelewa mikononi mwake na kwake humpi mkubwa salamu umesimama.

Ni Jumamosi hii. Mgeni rasmi ni meya wa mji.

#13

Kila la kheri mama. Utuletee picha bila sura.

#14

Utujibu na yale maswali ya bibi, bado moja. Anatolewa kwa nani?

#15 (mleta uzi)

Samahani nimechelewa, wiki imekuwa ya kazi.

Ilikuwa Jumamosi saa moja usiku, Kisarawe saa sita mchana. Nilimpigia mama vidio nikamshikia simu juu, kule alikuwa kakusanya majirani chini ya mwembe, kaweka simu kwenye kinu. Wanaitwa jozi moja moja. Binti yangu alikuwa wa kumi na tatu. Wiki ile alikwenda mwenyewe kwa mtangazaji na karatasi kaandika jina lake vipande vipande jinsi linavyotamkwa, lake, la baba yake na langu. Yule mzee akalisoma taratibu, hakukosea hata herufi.

Akaja na kaka yake, rasta ziko kifundo, mikono ya gauni imekaa. Mbele ya meya akashuka. Ukumbi huku wanapiga makofi ya adabu tu, ndo desturi yao. Sasa mama yangu kwenye simu akapiga kigelegele, spika iko juu, na wale majirani wote wakaitikia. Nikasikia haya sana sekunde moja. Halafu nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja Mkongo wa Uvira, binti yake alikuwa wa sita, nae alishakaa kimya kwa binti yake mwenyewe kwa kuogopa, akasimama akapiga chake. Nikapiga na mimi. Watu wakageuka, mzee mmoja mbele yetu akaanza kupiga makofi kwa nguvu, ukumbi ukafuata. Binti yangu bado yuko chini pale kwenye goti, nikamuona anacheka. Akainuka.

Yule mama wa Uvira alinishika mkono akaniambia, dada ungelipiga mapema, mtoto yangu naye angelisikia. Dansi ya mwisho tuliwapigia wote wawili.

#14, mama nilimuuliza kesho yake, haya mama, umeona, katolewa kwa nani? Akasema kwa meya katolewa, kaona. Kwake bado. Nikamwambia mimi sikuchezwa siwezi kumsimamia. Akasema sikukuuliza wewe, kungwi nipo mimi, mleteni Disemba shule ikifungwa, siku saba tu, na vitabu vyake aje navyo asome huko huko ndani. Baba yake nimemwambia, kauliza siku saba kweli? Nikamwambia saba. Binti mwenyewe ana orodha ya maswali kwenye simu anataka kumuuliza bibi kabla ya kukubali, wameongea jana saa nzima mlango umefungwa sikuruhusiwa kuingia.

Tiketi nimekata. Gauni lilikuwa la kukodi, mikono tumeifumua tukalirudisha dukani Jumatatu. Glavu ni zake, bibi kasema aje nazo anataka kuziona.